Kichaa cha ng'ombe: jeni zina nafasi yake, ila kagua kwanza gunia la chakula

Duka la vyakula vya mifugo Ngamiani, Tanga, huuza kila kitu pamoja: pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na ya pamba, dagaa waliosagwa, unga wa mifupa, chakula cha kuku kilichokwisha kuchanganywa. Anayefuga ng'ombe wa maziwa na anayefuga kuku wananunua mlango mmoja, na mara nyingi ni mtu huyo huyo.

Unga wa nyama na mifupa ndio ulioiponza Uingereza. Mwaka 1986 waganga wa mifugo huko walitambua ugonjwa mpya, kichaa cha ng'ombe: ng'ombe anayumba, anashtuka ovyo, mwisho anashindwa kusimama. Julai 1988 serikali ikapiga marufuku kuwalisha wanyama wanaocheua unga huo, lakini ng'ombe zaidi ya 180,000 walithibitishwa kuugua. Mwaka 1989 ugonjwa ulionekana hata Oman, kwa ng'ombe walioagizwa kutoka Uingereza. Tanzania haijaripoti kisa hata kimoja.

Chanzo chake si bakteria wala virusi. Ni prioni, yaani protini ya kawaida ya mwili iliyokunjika vibaya. Ikikutana na nzima, huilazimisha nayo ikunjike vivyo hivyo, na ubongo unatoboka taratibu kwa miaka. Kuchemsha hakuiui.

Hapa ndipo jeni zinapoingia. Mwaka 2004 watafiti walichunguza ng'ombe wa Ujerumani na kukuta tofauti katika sehemu inayoongoza jeni ya protini hiyo. Wengine wana kipande cha herufi 23 za kinasaba, wengine hawana. Na mbele kidogo kuna kipande kingine cha herufi 12. Waliokosa vipande hivyo walionekana zaidi miongoni mwa wagonjwa. Inaelekea kipande cha 23 huibana jeni isitengeneze protini nyingi, na protini ikiwa chache prioni inakosa cha kuharibu. Hata hivyo, wenye vipande vyote viwili nao waliugua. Ni afueni, si kinga.

Kuna aina nyingine ya tofauti ya jeni, adimu mno. Ng'ombe mmoja wa Alabama, Marekani, aliyethibitishwa kuugua mwaka 2006, baadaye alikutwa na badiliko la herufi moja ndani ya jeni yenyewe, linalofanana na lile linalorithishwa katika baadhi ya familia za binadamu wenye ugonjwa wa prioni. Ndama wake naye alilibeba.

Ng'ombe wengi wa maziwa wa Tanga ni chotara, wana damu ya Friesian na mbegu nyingine za Ulaya. Sioni sababu ya kumtilia shaka mfugaji kwa hilo, wala maziwa yake: maziwa hayajaonyesha kuambukiza ugonjwa huu. Ninachokihofia ni mazoea ya kumwagia ng'ombe mabaki ya chakula cha kuku pumba zikipanda bei. Chakula cha kuku kinaweza kuwa na unga wa damu au mifupa. Muulize muuzaji kimechanganywa nini, na kama hajui, usimpe ng'ombe.

Ng'ombe akianza kuyumba au kubadilika tabia, kwetu huenda ikawa ni maji moyo au kichaa cha mbwa. Usimtie mkono mdomoni, usimchinje ili kuokoa nyama. Mwite daktari wa mifugo wa kata.