Mlango Unapolia Mara ya Nne

Wazazi wengi, wamwonapo mtoto mdogo akimnyima mwenzake, humpokonya kitu kile na kumpa yule anayelia. Nami nilikuwa miongoni mwao, ingawa nilisomea ualimu. Mwaka jana mtoto wa marehemu dada yangu alipohamia kwetu, mwanangu wa miaka minne alianza kuficha maandazi chini ya mto. Nilimkaripia, akazidi kuficha. Na yule mpwa wangu akaacha kuomba chakula hata akiwa na njaa. Hilo ndilo lililonitisha.

Yafaa tukumbuke kuwa umri nao una neno. Uchunguzi juu ya watoto wa Uswisi, uliotangazwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba wengi wa miaka 3 hadi 4 hujipendelea wenyewe. Wafikapo miaka 7 au 8 ndipo walio wengi huchagua mgawo wa sawa.

Basi niliazima kitabu cha picha cha Pat Hutchins wa Uingereza, The Doorbell Rang, kilichotoka mwaka 1986, nikawasimulia kwa Kiswahili. Watoto wawili wana biskuti 12, sita kila mmoja. Kengele ya mlango inalia, wanaingia wenzao wawili. Fungu linakuwa tatu. Inalia tena: mbili. Inalia tena: moja moja. Inapolia mara ya nne, mama anawashauri wazile kabla mlango haujafunguliwa.

Hapo nilisita, nikauliza, "Tufungue?"

Mwanangu akajibu upesi, "Tusifungue, baba."

Ulimi uliniwasha nimkemee, lakini nilinyamaza. Biskuti za kuchorwa zina faida hiyo: mtoto aweza kuonyesha uchoyo wake wote na asiwepo mtu wa kulala njaa.

Mpwa wangu akasema taratibu, "Labda aliye nje amechoka."

Mwanangu akautazama mlango ule kwa muda mrefu kabla hajaniruhusu kufunua ukurasa. Aliyekuwa nje ni bibi, na sinia ya biskuti tele. (Mwisho huo sikuupenda sana, nyumbani kwetu bibi haji na sinia kila siku.)

Jioni zilizofuata tuliucheza mchezo huo mkekani kwa punje 12 za maharagwe. Asiye na kitabu aweza kuchora milango kwa mkaa juu ya boksi kuukuu.

Chini ya mto bado hupatikana andazi siku moja moja. Juzi nililikuta limekatwa vipande viwili.