Ustadi wa Mzaha: Kurejea kwa Kundi la Spinal Tap

Katika sanaa zote za kuchekesha sijui iliyo ngumu kuliko kuuiga muziki kwa mzaha, maana mwigaji hutakiwa kwanza aumudu muziki ule ule anaoucheka, aupige na kuuimba kwa kiasi ambacho wenyewe wanaoigwa hawawezi kuukana, na ndipo, akisha kuumiliki kwa haki, autie chembe moja ya upuuzi iwatoshayo wasikilizaji kucheka. Wengi hudhani kinyume cha hayo. Hudhani kuwa mzaha ni maficho ya asiyejua kazi. Dhana hiyo huvunjwa na albamu iitwayo Break Like the Wind, iliyotolewa Machi 1992 na Spinal Tap, kundi la hevi metali ambalo historia yake yote, majina ya wanachama wake, ugomvi wao na hata vifo vyao, ilibuniwa na wachekeshaji, lakini ambalo nyimbo zake ni nyimbo za kweli.

Kundi hilo lilionekana mara ya kwanza mwaka 1979 katika kipindi cha televisheni cha Marekani, likapata umaarufu mwaka 1984 kwa filamu This Is Spinal Tap ya mwongozaji Rob Reiner. Filamu ile ilijivika sura ya habari za kweli: mtengenezaji filamu anawafuata Waingereza wenye nywele ndefu na ghururi kubwa wakizunguka miji ya Marekani, ilhali nyota yao inafifia na kumbi zinazidi kuwa ndogo. Vinara wa Waingereza wale walikuwa Wamarekani watatu: Michael McKean aliyejiita David St. Hubbins, Christopher Guest aliyejiita Nigel Tufnel, na Harry Shearer, mpiga besi, aliyejiita Derek Smalls. Mazungumzo yao aghalabu yalizuka papo hapo mbele ya kamera, bali nyimbo zilitungwa kwa utulivu na kupigwa kwa mikono yao wenyewe, na hapo ndipo palipo siri ya kudumu kwao.

Ili kuifahamu siri hiyo yafaa tuutazame muziki wa hevi metali ulivyoundwa. Msingi wake ni sauti mbili za gitaa zinazopigwa pamoja, sauti ya kwanza na ya tano katika ngazi ya muziki, na ile ya tatu, ambayo kwa kawaida ndiyo iutiayo wimbo furaha au huzuni, huachwa nje makusudi. Sababu yake ni ya kifundi: gitaa la umeme likipitishwa katika amplifaya iliyolemewa, mawimbi ya sauti hukatwa vichwa na kuzaa sauti nyingine nyingi ndogondogo, na sauti ya tatu ikiwamo zote huvurugika zikawa kelele tupu; ikiondolewa, hubaki mngurumo mpana, mzito na safi. Spinal Tap waliitii kanuni hiyo kwa uaminifu. Hawakupiga vibaya ili wachekeshe, wala hawakuimba nje ya sauti. Kanuni yao wao ilikuwa nyingine, nayo ndiyo kiini cha ufundi wote wa wigo wa mzaha: kila jambo na liwe sahihi, ila moja tu lipite mpaka.

Mathalan, wimbo wao Big Bottom una mwendo na mpangilio kama wa nyimbo nyingi za aina yake, isipokuwa magitaa ya kawaida yameondolewa na wanaume watatu wote wanapiga besi, hata wimbo ukawa mzito kupita ada. Kadhalika, katika filamu, ile amplifaya mashuhuri ya Nigel ni amplifaya kama nyingine, ila vifundo vyake vimeandikwa hadi 11 badala ya 10, naye anaamini kwa dhati kwamba kwa hiyo ina sauti kubwa zaidi. Ajuaye vyombo anafahamu kuwa tarakimu zile ni alama za rangi tu, na kwamba nguvu ya chombo haiongezeki kwa kuongezwa tarakimu. Na lile sanamu la mawe ya Stonehenge katika filamu hiyo hiyo, lililochorwa liwe na urefu wa futi 18, likaja jukwaani lina inchi 18 kwa sababu ya alama moja iliyokosewa katika mchoro, lingeonekana ni uzushi uliovuka mipaka, laiti Black Sabbath, kundi la kweli kabisa, lisingejikuta mwaka 1983 na Stonehenge yake lenyewe, kubwa mno hata haikuenea katika baadhi ya majukwaa.

Sasa tuje kwenye albamu ya marejeo. Kurejeana kwa makundi yaliyotengana kulikwisha kuwa ada katika muziki wa roki: Deep Purple walirudiana mwaka 1984, na mwaka huo huo wa 1992 Black Sabbath walitoa albamu wakiwa na mwimbaji wao wa zamani, Ronnie James Dio. Ada hiyo ina kanuni zake. Kundi hualika wageni watukufu ili ulimwengu uone kuwa halijasahaulika. Hufukua wimbo wa ujana ili kuthibitisha asili yake. Hutunga wimbo wa kuutukuza muziki wenyewe kana kwamba ni dola. Break Like the Wind inazitimiza zote kwa adabu. Wimbo wenye jina la albamu umealika wapiga solo wanne, Jeff Beck, Slash, Joe Satriani na Steve Lukather, ambao yeyote kati yao angetosha peke yake, na kila mmoja anapiga kwa moyo wote, bila kejeli. Upuuzi umo katika idadi yao tu, si katika vidole vyao. Cher anaimba na David katika wimbo wa mapenzi. The Majesty of Rock ndio wimbo wa utukufu.

Lakini johari ya albamu hii, kwa maoni yangu, imo katika nyimbo zinazodai kutoka zama zilizopita. All the Way Home unaletwa kama kazi ya awali ya David na Nigel walipokuwa vijana, nao umerekodiwa kwa wembamba na ukwaruzaji wa mashine duni, katika mtindo wa skiffle uliowatia vijana wa Uingereza kichaa cha magitaa katika miaka ya 1950. Rainy Day Sun unaivaa miaka ya mwisho ya 1960, pamoja na madoido yake ya studio. Clam Caravan unaifuata ile tamaa ya wanamuziki wa Magharibi ya kuvaa joho la Mashariki, na sikio lililolelewa na taarab litatambua mara moja kuwa jangwa lile ni la kununuliwa dukani. Kuiga mtindo mmoja ni kazi. Kuziiga zama tatu, kila moja kwa sauti ya vyombo vyake na kasoro za mashine zake, ni elimu ya historia ya muziki.

Hata vifo vilizingatiwa. Wapiga dramu wa Spinal Tap hufa kwa mikasa isiyoelezeka, na Mick Shrimpton alilipuka jukwaani mwishoni mwa filamu. Kwa hiyo aliyemwigiza, Mwingereza R. J. Parnell, aliyekuwa mpiga dramu wa kundi la kweli la Atomic Rooster, alirudi mwaka 1992 akiwa Ric, pacha wa marehemu.

Tarehe 20 Aprili mwaka huo wachekeshaji hawa walipanda jukwaa la Wembley, London, katika tamasha la kumkumbuka Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, aliyefariki Novemba 1991. Siku hiyo walipiga pia Metallica, Def Leppard na Guns N' Roses, na kundi la kubuni likasimama jukwaa moja nao. Mimi naihesabu hiyo kuwa ndiyo shahada yao.

Malipo, hata hivyo, hayakulingana na heshima. Katika kesi aliyoifungua mwaka 2016 dhidi ya kampuni ya Vivendi, Shearer alidai kuwa waasisi waliandikiwa mapato ya dola 98 tu kwa mauzo ya muziki kuanzia 1989 hadi 2006. Shauri likaisha kwa suluhu, na haki za kazi zikarudi kwa waliozitunga. Walikuwa wamekwisha kutoa albamu ya Back from the Dead mwaka 2009, kwa sehemu kubwa ikizirudia nyimbo za filamu, kisha mwaka 2025 wakaleta filamu ya pili na albamu yake, wakiwamo Paul McCartney na Elton John.

Katika marejeo hayo yote, albamu ya 1992 ndiyo bora, kwa kuwa haikutegemea kumbukumbu ya wasikilizaji bali kwa sehemu kubwa ilitunga upya. Msomaji atakaye kuisikia na aitazame kwanza filamu ya 1984, kisha aanze na All the Way Home kabla ya wimbo wa wapiga solo wanne, na asikilize magitaa kabla ya kuyacheka maneno.