Kusoma Barua za Ufadhili za Vyuo vya Marekani (2)

Juma lililopita tulieleza namna ya kujaza FAFSA, fomu ya kuombea msaada wa serikali ya Marekani wa kulipia masomo. Leo tuchukulie kwamba majibu yameshafika: mtoto amekubaliwa na vyuo viwili, mzazi ana barua mbili za ufadhili, na vyuo vingi hutaka jibu ifikapo tarehe 1 Mei.

Tutumie mfano wa kubuni. Chuo cha kwanza, cha binafsi, kinagharimu dola 62,000 kwa mwaka. Barua yake inaorodhesha ruzuku ya chuo dola 34,000, mkopo wa mwanafunzi 5,500, kazi ya chuoni 2,500 na Parent PLUS 20,000. Chini kabisa: kilichobaki, sifuri. Chuo cha pili ni cha jimbo. Gharama 29,000, ruzuku 8,000, mkopo 5,500, kilichobaki 15,500. Mzazi aliyetoka zamu ya usiku ataikimbilia ile sifuri, wala si wa kulaumiwa.

Lakini Parent PLUS, mkopo wa serikali kwa wazazi, ni deni, tena la mzazi mwenyewe. Kwa mwaka wa masomo 2025/26 riba yake ilikuwa asilimia 8.94, na kabla fedha hazijafika chuoni hukatwa ada ya zaidi ya asilimia 4. Kuliingiza deni hilo kwenye orodha ya msaada ni sawa na mwenye duka kukuandika kwenye daftari lake la madeni, kisha akajisifu kuwa amekupunguzia bei. Isitoshe, kuanzia Julai 2026 mikopo mipya ya aina hii ina kikomo cha 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa jumla kwa kila mtoto. Piga hesabu: miaka mitatu ni 60,000, na mwaka wa nne zinabaki 5,000 tu. Mwaka huo, sifuri ya mwaka wa kwanza haitarudi.

Kazi ya chuoni nayo ni mshahara. Mtoto hulipwa saa alizofanya, kwa hiyo ankara ya Agosti itafika kabla hajapata hata senti. Ukiondoa kila kinachodaiwa na kila kinachotolewa jasho, ukatoa katika gharama ruzuku peke yake, chuo cha kwanza kinabakiza 28,000 na cha pili 21,000. Kumbe kile cha sifuri ndicho ghali, kwa 7,000 kila mwaka.

Msidhani huu ni ujanja wa chuo kimoja kikorofi. GAO, ofisi inayolifanyia Bunge la Marekani ukaguzi, iliripoti mwaka 2022 kwamba takriban asilimia 91 ya vyuo ama haviitaji gharama hiyo halisi, yaani inayobaki baada ya kutoa ruzuku, kwenye barua zao, ama huitaja pungufu. Vingine huandika ada ya masomo pekee na kuacha malazi, chakula, vitabu na bima. Tusisahau kwamba barua hii huandikwa na yule yule anayetaka nafasi zake zijae.

Ulizeni pia kama ruzuku itadumu miaka yote minne, alama zikishuka itakuwaje, na kama skolashipu kutoka nje itapunguza ile ya chuo.

Wazazi walioko Dar es Salaam au Nairobi, ambao mtoto wao ataingia kwa viza ya F-1, ya wanafunzi wa kigeni, wajue kwamba ruzuku ya serikali iitwayo Pell na mikopo ya serikali haimhusu. Tegemeo lao kubwa ni chuo chenyewe. Tena, sehemu ya ufadhili inayolipia malazi na chakula hutozwa kodi, mara nyingi asilimia 14.

Barua ya ufadhili inajadilika, jambo ambalo wazazi wetu wengi hawalithubutu kwa kuona ni utovu wa adabu. Afisa wa ufadhili ana mamlaka ya kisheria kurekebisha hesabu za familia yenye hali ya pekee: kazi imepotea, mtu amelazwa, kipato cha mwaka uliotajwa kwenye fomu hakipo tena. FAFSA haina mahali pa kuandika fedha mnazowatumia wazee nyumbani kila mwezi. Zielezeni kwa barua na mwambatanishe risiti. Afisa halazimiki kukubali, ila hawezi kuzingatia asichoambiwa. Pelekeni ombi hilo kabla ya kulipa amana ya kuthibitisha nafasi.