Mpwa Kafika kwa Mjomba

Binamu yangu aliteremka kwenye basi la Newala jioni moja ya Agosti, vumbi jekundu limemkaa hadi kwenye kope, mkono mmoja cherehani, mkono wa pili kikapu chenye kuku mtetea. Alikuwa na miaka 19, amekuja Masasi kukaa kwetu. Baba yangu ni mjomba wake. Wiki haijaisha, alikuwa amehamisha jiko, amemjibu kaka yangu aliyezoea kutuamrisha, na amemwuliza dada mbele ya mama kama kweli anamtaka yule mchumba aliyetafutiwa.

Miaka mingi baadaye nilimkuta tena, kitabuni. Georgette Heyer, Mwingereza aliyezaliwa 1902, ndiye aliyezifungulia njia riwaya za mapenzi za zama za Regency, yaani 1811 hadi 1820, mwanamfalme alipotawala Uingereza kwa niaba ya baba yake mgonjwa. Aliwahi kuishi nchini kwetu: mwaka 1927 alimfuata Tanganyika mumewe mhandisi wa madini, wakakaa porini kwenye kibanda cha nyasi, na huku huku akaandika riwaya. Niipendayo mimi ni ya baadaye, The Grand Sophy, ya 1950.

Sophy anaachwa London kwa shangazi yake, baba akienda Brazil kwa kazi ya ubalozi. Anaingia na farasi, mbwa, kasuku na tumbili. Nyumba imenyongea: mume wa shangazi kamaliza mali kwenye kamari, na mwanawe Charles ndiye anayebana kila senti. Mdogo wa Charles, Hubert, ana deni la siri. Sophy anakwenda peke yake kwa mkopeshaji, bastola mafichoni, anarudi na hati ya deni. Mkopeshaji huyo ni Myahudi, na Heyer kamchora kwa chuki. Kila nikifika hapo naumia, wala sitaki kulificha.

Kwetu mkopeshaji ni mtu wa kangomba, anayenunua korosho zikiwa bado mtini. Kaka alichukua pesa mwezi Juni, mikorosho haijabeba, akaahidi magunia ya msimu mzima kwa bei ya kutupa. Binamu alipojua hakumwendea baba. Alimchukua bibi, mama yake baba, wakaketi kibarazani kwa mtu yule toka asubuhi hadi adhuhuri. Bibi hasemi neno. Binamu anahesabu kwa sauti: kilo kadhaa, bei ya mnada ya mwaka uliopita, pesa aliyopewa kaka. Majirani wakaanza kusogea. Mtu yule akakubali kurudishiwa pesa yake ileile. Cherehani ndiyo iliyolipa, sare moja baada ya nyingine, hadi Desemba.

Nilishangaa baba hamfukuzi binamu. Bibi alinieleza tukimenya ming'oko iliyochemshwa. Sisi Wamakonde, kama jirani zetu Wamakua na Wayao, ukoo tunaufuata kwa mama. Mimi na ndugu zangu ni wa upande wa mama yetu. Binamu, mtoto wa dada yake baba, ndiye wa ukoo wa baba. Nyumba ile hakuingia kama mgeni wa kuhurumiwa. Mjomba anawiwa kumsikiliza mpwa wake, na kumjibu.

Sophy hana ukoo wa kumkingia kifua namna hiyo. Ana fedha za baba na jina la baba. Uingereza ya wakati ule, mwanamke akiolewa mali yake ilikuwa ya mume. Sheria ya kumwachia mali yake ilikuja 1882. Ndiyo maana, nadhani, Heyer kampa mbio zile zote na bastola: uhuru wake unakaribia mlango wa kanisa. Binamu yangu hakuwa na haraka. Aliketi tu, akahesabu.

Sophy anaolewa na Charles. Wasomaji wa leo wengine hukunja uso kwa kuwa ni binamu. Bibi angepiga vigelegele, maana Charles kamwoa binti wa mjomba wake, ndoa waliyoisifu wazee wa kwetu.

Dada hakuolewa na yule mchumba. Siku wazee walipokuja kusikia jibu, baba alivuta mkeka akasema, "Mama, kaa hapa karibu yangu." Mama yetu akageuka. Aliyekuwa anaitwa ni binamu.

Januari alipanda basi kurudi Newala na cherehani yake. Mtetea alituachia, na vifaranga tisa.