Usonji na mapenzi ya mtandaoni: Kanuni wazi ndizo ngao

WENGI hudhani kwamba mtu mwenye usonji hana haja ya mpenzi wala ndoa. Dhana hiyo si sahihi. Watu wazima wengi wenye hali hiyo hutamani mwenzi, na baadhi yao humsaka mtandaoni, katika programu za kutafuta wachumba kama vile Tinder, iliyoanzishwa mwaka wa 2012.

Usonji ni tofauti ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na jinsi mtu anavyopokea sauti, mwanga na mguso. Katika mkahawa wenye kelele, mtu huyo hulazimika kusoma uso wa mwenzake na kujibu papo hapo. Kwenye simu, hupata nafasi ya kuutafakari ujumbe kabla ya kuujibu.

Hata hivyo, maandishi humfaa tapeli pia. Baadhi ya wenye usonji huyachukua maneno jinsi yalivyo. Mmoja akialikwa nyumbani kutazama filamu, huenda akaamini ni filamu tu. Akiombwa pesa kwa M-Pesa na "mpenzi" asiyewahi kumwona, anayedai amelazwa hospitalini, huenda asishuku lolote.

Kutoelewana huku hakutoki upande mmoja. Mnamo 2012, msomi Mwingereza Damian Milton, ambaye mwenyewe ana usonji, alieleza kwamba asiye na usonji naye hushindwa kumwelewa aliye nao. Kwa mfano, mmoja hunyamaza akimaanisha amekataa. Mwenzake, asiyeambiwa hivyo waziwazi, huendelea kutuma ujumbe na kuonekana msumbufu.

Ndiposa kumwambia "jihadhari" hakutoshi, kwani neno hilo halisemi afanye nini. Kanuni mahususi humfaa zaidi: usimtumie pesa mtu ambaye hamjakutana, zungumzeni kwanza kwa video, kutaneni mchana mahali penye watu, mwachie jamaa jina la mahali na saa ya kumpigia simu, usiache kinywaji chako bila kukiangalia, kwa hofu ya kutiliwa "mchele". Ujumbe wa pili usipojibiwa, koma.

Anayetishiwa kusambaziwa picha za utupu apige ripoti kwa polisi. Nchini Kenya, sheria ya mwaka wa 2018 kuhusu uhalifu wa mitandaoni inaharamisha usambazaji huo.

Jamaa nao wana wajibu. Kumpokonya mtu mzima simu hakumkingi, bali humfunza kuficha mambo, na siri ndiyo silaha ya tapeli. Heri awe na mtu wa kumwonyesha ujumbe unaomtatiza, bila kuchekwa wala kukaripiwa.