Huduma ya Wagonjwa Nyumbani (3): Ubora Unavyopimwa

Ubora wa huduma ya wagonjwa nyumbani hupimwa kwa mambo matatu: watu na vifaa vilivyopo, kazi inavyofanyika, na hali ya mgonjwa baada ya kuhudumiwa. Mgawanyo huo uliwekwa mwaka 1966 na Avedis Donabedian, daktari mzaliwa wa Beirut aliyefundisha Marekani. Umekuwa na uzito mpya nchini Tanzania tangu tarehe 31 Januari 2024, serikali ilipozindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kufikisha wahudumu 137,294, wawili kwa kila kitongoji au mtaa. Idadi hiyo ni ya jambo la kwanza tu kati ya yale matatu.

Uzito wa jambo la tatu, hali ya mgonjwa, unaonekana katika kisa cha zamani. Mwaka 1859, William Rathbone, mfanyabiashara wa Liverpool, alimwajiri Mary Robinson, muuguzi aliyemtunza mkewe hadi kufa, awahudumie maskini majumbani mwao. Baada ya mwezi mmoja muuguzi huyo aliomba kuacha kazi, kwa kuwa dhiki aliyoikuta ilimzidi nguvu. Rathbone akamsihi, naye akaendelea, na taratibu wagonjwa na kaya zao wakaanza kuinuka. Mabadiliko hayo ndiyo yaliyomshawishi tajiri huyo kutafuta wauguzi zaidi.

Mwambao wa Ziwa Nyasa, kwa upande wake, uliletewa huduma kwa njia ya maji. Makala zilizotangulia zilieleza jinsi misheni ya Kianglikana ya UMCA ilivyojikita kisiwani Likoma mwaka 1885 na meli yake ndogo, Charles Janson. Meli kubwa zaidi, Chauncy Maples, iliundwa Glasgow, ikasafirishwa vipande vipande, ikaunganishwa upya na kushushwa ziwani mwaka 1901. Ilipewa jina la askofu aliyezama katika ziwa hilohilo mwaka 1895, na ilikusudiwa kuwa shule, kanisa na hospitali kwa pamoja. Mmisionari wa UMCA, William Percival Johnson, aliyekuwa karibu kipofu, aliuzunguka mwambao huo kwa zaidi ya miaka 40, mpaka alipofariki Liuli mwaka 1928 na kuzikwa hapo. Na Liuli ndiko iliko Hospitali ya Mtakatifu Anna. Upande wa ndani, wamisionari Wabenediktini walianza kazi Peramiho mwaka 1898, na milimani kwa Wamatengo kazi ya wamisionari ikazaa hospitali ya Litembo. Ujasiri wa watu hao hauna ubishi. Lakini meli ina ratiba yake, homa haina. Nanga ilipong'olewa, mgonjwa alibaki mikononi mwa mama, bibi au shangazi, na kazi ya hao haiwezi kupimwa kwa taarifa ya safari.

Hali ilikuwa hiyohiyo UKIMWI ulipoingia. Kabla mpango wa taifa wa kutoa dawa za kufubaza virusi haujaanza mwaka 2004, wagonjwa wengi waliuguzwa na kufia nyumbani, na waliowauguza ni wanawake wasiolipwa. Mkaguzi anayehesabu ziara za mhudumu bila kumuuliza mwanamke huyo chochote amepima nusu ya kazi, tena nusu iliyo nyepesi.

Kuhusu vifaa, mkoba wa mhudumu hufunguliwa na kukaguliwa: glavu, sabuni, dawa za kutuliza maumivu, fomu za rufaa. Huulizwa pia nani wa zahanati anamsimamia, na anafikaje kijijini wakati wa masika, maana mwambaoni, kati ya Lituhi na Chiwindi, kuna safari ambazo bado hufanywa kwa mtumbwi. Katika utendaji, hutazamwa kama ananawa mikono, anatunza siri ya mgonjwa mbele ya majirani, na anawafundisha ndugu kumgeuza asiyejiweza asipate vidonda vya mgandamizo.

Matokeo ndiyo hupuuzwa zaidi, ingawa kipimo kipo. Chama cha Tiba Shufaa Afrika (APCA) kina dodoso la maswali 10, kila moja likijibiwa kwa alama 0 hadi 5, hivyo hata asiyejua kusoma anaweza kujibu kwa vidole vya mkono mmoja. Maswali 7 ni ya mgonjwa, la kwanza likihusu maumivu. Mengine 3 ni ya familia: imepewa maelezo kiasi gani, inajiamini kiasi gani katika kumtunza mgonjwa, na ina wasiwasi kiasi gani. Maumivu huulizwa, hayakisiwi. Uganda ilianza kutumia morfini ya maji kwa wagonjwa wa nyumbani mwaka 1993, kupitia hospisi ya Dkt. Anne Merriman, na dawa hiyo ni ya bei nafuu. Kumwacha mzee mwenye saratani akilia usiku kucha, huku rejesta ikionyesha kwamba ametembelewa, ni aibu.

Wahudumu wapya wana majukumu mengi kuliko kutunza wagonjwa, na ukaguzi wao utavutwa na hesabu za ziara kwa sababu ni rahisi kujazwa. Halmashauri za Nyasa na Mbinga zianze basi na yale maswali matatu ya familia, kila robo mwaka, na majibu yasomwe kwenye mkutano wa kijiji bila kutaja jina la mgonjwa.