Mtoto Anapovunja Sheria

Mtoto wa jirani anapokamatwa katika shamba la mtu, naye amebeba mkungu wa ndizi usio wake, wazee wa kijiji hugawanyika. Wengine husema apelekwe polisi ili wenzake waogope. Wengine hujibu kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, basi aachiwe babaye amwonye. Sheria ya Kenya haikuchukua neno la upande mmoja na kulitupa la pili. Kila moja imelipa mahali pake, na yafaa mzazi apajue kabla msiba haujafika mlangoni pake.

Zamani za ukoloni dawa iliyotumiwa sana ilikuwa kiboko. Mvulana aliyeonekana na hatia alichapwa kwa amri ya hakimu, kisha akarudishwa kwao. Wengine walipelekwa katika shule ya kurekebisha tabia huko Kabete, iliyoanzishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, shule nyingine ilifunguliwa Wamumu kwa vijana waliozuiliwa kwa mambo ya Mau Mau. Shule zote mbili zingalipo, lakini sheria inayoziongoza imegeuka. Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2001 ilikiondoa kiboko katika adhabu za watoto, tena ikakataza mtoto asifungwe gerezani.

Badiliko jingine kubwa lilikuja mwaka wa 2022. Hapo awali mtoto wa miaka 8 aliweza kushtakiwa. Sheria mpya ikaupandisha umri huo hadi miaka 12. Aliye chini ya umri huo hashtakiwi kwa jinai, bali hutazamwa kama mtoto ahitajiye malezi na ulinzi. Aliye kati ya miaka 12 na 14 huhesabiwa kuwa hajui kupambanua jema na baya, mpaka upande wa mashtaka uthibitishe kwamba alijua. Kwa sababu hiyo cheti cha kuzaliwa, ambacho wazazi wengi hukisahau sandukuni, ni ngao ya mtoto siku ya shauri.

Kwa wale wenye umri wa kujibu mashtaka, Katiba ya mwaka wa 2010 imeweka amri iliyo wazi: mtoto asizuiliwe ila iwe ndiyo njia ya mwisho, tena kwa muda mfupi uwezekanao, na mbali na watu wazima. Kwa hivyo shauri lisilo zito laweza kuepushwa na korti. Mtoto hukubali kosa lake kwa hiari yake, bila kutishwa; mzazi au mlezi huitwa; kisha hupewa la kutenda, kama vile kumwomba radhi aliyekosewa, kumlipa fidia, au kuhudhuria shule bila kukosa. Huku si kumbembeleza. Ni vigumu zaidi kwa mvulana kumtazama usoni mwenye shamba na kumlipa kuliko kukaa rumande akilishwa na Serikali. Naye mwenye shamba hupata kitu, maana rumande hairudishi ndizi.

Shauri likiwa zito hupelekwa mbele ya Korti ya Watoto. Hakimu aweza kumweka mtoto chini ya uangalizi wa afisa wa probesheni, au kumpeleka katika shule ya kurekebisha tabia: wavulana Kabete, Wamumu au Kakamega, wasichana Dagoretti au Kirigiti. Vijana wakubwa zaidi huweza kupelekwa Borstal, kama ile ya Shimo la Tewa, kwa muda usiozidi miaka 3. Huko hufundishwa masomo na kazi za mikono.

Hata hivyo, yako mambo yasiyowezekana kwa hakimu peke yake. Hawezi kumkabidhi mtoto kwa nyumba isiyokuja kumchukua. Baba anayeona haya akabaki shambani, akidhani kwamba korti itamfundisha mwanawe, huenda ndiye anayeurefusha muda wa mtoto huyo katika mahabusu. Hali kadhalika kijiji. Fundi aliyejifunza useremala Wamumu hatafaidika na randa yake ikiwa kila ampitiaye njiani humwita mwizi, wala hakuna ampaye mlango wa kutengeneza.

Mzazi apatapo habari kwamba mwanawe amekamatwa, hapana budi aende kituoni siku hiyo hiyo, achukue cheti cha kuzaliwa, na aulize afisa wa watoto. Na ikiwa aliyeibiwa ni jirani, afike na kwake pia.